Mizani ya Masumbwi: Nani Bondia Mkuu wa Nchi Zetu?

Mjini Mbinga, katika miezi ambayo kahawa imekwisha kuchumwa na kuanikwa na malipo yake yameanza kufika mikononi mwa wakulima, hapana baraza inayokosa mabishano. Na miongoni mwa mabishano hayo, ukiacha yale ya Simba na Yanga ambayo hayajapata kadhi wa kuyakata, hakuna yanayorudiwa kwa ari kama ya kutaka kujua ni nani, kati ya wote waliopata kuvaa glovu, astahiliye kuitwa bondia mkuu. Ukishuka kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay na Liuli, utayakuta hayo hayo kando ya vichanja vya usipa, ila kwa nyongeza moja: mwambao una ndugu ng'ambo ya ziwa, na aliyezoea kuvuka kwenda Malawi hatakosa kumtaja Isaac Chilemba wa Blantyre, ambaye mwaka 2016 alimfuata Sergey Kovalev kwao Urusi, akasimama naye raundi zote 12, akashindwa kwa pointi tu.

Vijana, kama ilivyo desturi ya vijana wa zama zote, humtukuza waliyemwona. Hawajasahau Julai 2022, wakati Karim Mandonga, mtu wa maneno mengi aliyezipa ngumi zake majina kama ndoige na sugunyo, alipofika Songea, mji wetu wa jirani, na katika Uwanja wa Majimaji akatwangwa na Shaaban Kaoneka. Na ajabu ya mambo ni kwamba aliyeshindwa aliondoka na umaarufu kumzidi aliyemshinda. Simdhihaki Mandonga, maana kuufurahisha umma ni kazi ya halali na ina ujira wake. Namtaja kwa sababu kisa chake kinadhihirisha kuwa sifa na ubora ni mambo mawili yasiyolazimika kufuatana, na kwamba atakaye kuhukumu kwa insafu hana budi kutafuta mizani nyingine mbali na shangwe.

Masumbwi ya glovu ni mgeni katika nchi hizi. Yaliletwa na Waingereza, yakalelewa katika kambi za King's African Rifles, katika polisi na katika shule, na kwa miaka mingi ulingo na gwaride vilikwenda pamoja. Idi Amin mwenyewe, kabla dunia haijamjua kwa mambo mengine, alikuwa askari wa jeshi hilo na bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi. Huku Nyasa gwaride liliacha urithi wa namna yake, nao ni mganda, ngoma ya wanaume waliojipanga safu kwa mavazi meupe na hatua za kijeshi, ambayo vikundi vya kijiji na kijiji huishindania. Na anayeshinda humo si mwenye misuli minene bali mwenye unadhifu, mpangilio na hatua isiyokosea. Mzee wa Lituhi aliyekaa miaka mingi akihukumu mganda ana jicho la jaji wa ngumi za ridhaa zaidi ya anavyojidhania, kwa kuwa jaji naye haulizi nani amekasirika zaidi, huuliza nani amegonga safi.

Wengi hudhani mizani iliyo rahisi kuliko zote ni mkanda: mwenye mkanda wa dunia ndiye mkubwa, na mwenye mikanda mingi ndiye mkubwa zaidi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zama za Joe Louis, aliyeushika ubingwa wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949, wakati dunia ilipokuwa na bingwa mmoja asiye na mshirika. Baadaye likaja shirika la WBA lililochukua jina hilo mwaka 1962, mwaka uliofuata likaundwa WBC, kisha IBF mwaka 1983 na WBO mwaka 1988, na nyuma yao yakafuatana mengine kama WBU na WBF, hata ikawa uzito mmoja unaweza kuwa na mabingwa watano au sita wa dunia wasiopata kukutana. Kwa sababu hiyo siupimi mkanda wa WBU wa Rashid Matumla, yule Snake Man ambaye mapambano yake na Maneno Oswald yalikuwa gumzo la taifa zima, wala ule wa WBF alioutwaa Francis Cheka wa Morogoro mwezi Agosti 2013 kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam, kwa kuhesabu herufi zilizoandikwa juu yake. Nauliza swali moja tu, nalo ndilo mizani yangu: alipigana na nani, na huyo aliyepigana naye alikuwa nani siku hiyo?

Kwa swali hilo, Tanzania inampata mtu ambaye vijana wa leo hawamtaji. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha, baada ya kushindwa na kijana wa Liverpool aitwaye John Conteh. Na Conteh huyo, miaka minne baadaye, akawa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito wa juu mwepesi. Kushindwa na mtu wa namna hiyo ni hati ya sifa. Najua nitajibiwa kwamba Michael Yombayomba alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwaka 1998 mjini Kuala Lumpur alitwaa dhahabu ya michezo hiyo hiyo katika uzito wa bantam, na sina neno la kumpunguzia. Ni haki kusema kuwa dhahabu ile ndiyo tuzo kubwa, na fedha ya Simba ndilo jaribio kubwa. Hassan Mwakinyo wa Tanga naye aliwastaajabisha Waingereza mwaka 2018 alipomwangusha Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya 2, lakini usiku mmoja, hata ukiwa mtukufu namna gani, haumtoshi mtu anayedai cheo cha ukuu.

Wazee wa baraza hukataa hesabu yote hii kwa kulitaja jina moja, Muhammad Ali, na kusema mjadala umefungwa. Hawakosi hujja. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Ali aliyekuwa na umri wa miaka 32 aliegemea kamba, akamwacha George Foreman ajichoshe kwa kupiga, kisha akamwangusha katika raundi ya 8, naye Foreman alikuwa hajapata kushindwa hata mara moja katika mapambano 40. Ila Ali hakuwa wa nchi zetu: alifika Dar es Salaam mwezi Februari 1980 akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter, kuitaka Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow kwa ajili ya Warusi kuingia Afghanistan, na Mwalimu Nyerere, akiona ni utovu wa adabu Marekani kutuma mwanamichezo katika jambo la dola, hakukubali kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow. Kenya, alikopita pia, haikwenda, na mabondia wake wakakaa nyumbani. Uganda nayo ilikwenda, na kijana John Mugabi akarudi na medali ya fedha ya uzito wa welta, akaanza safari iliyomfikisha mbele ya Marvin Hagler mwezi Machi 1986, akiwa ameshinda mapambano yake yote kwa K.O. Alianguka katika raundi ya 11, lakini watu wa Las Vegas hawakuisahau tabu aliyompa Hagler.

Waganda, tukiri, wametutangulia. Ayub Kalule aliuchukua ubingwa wa WBA mwaka 1979 huko Japani na kuupoteza mwaka 1981 mbele ya Sugar Ray Leonard, na mwaka huo huo wa 1981 Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Uingereza, akapata wa WBC. Kenya ina Robert Wangila, ambaye dhahabu yake ya Seoul ya mwaka 1988 ndiyo pekee ya Olimpiki ambayo Wakenya hawakuipata kwa kukimbia, na ambaye alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano, akiwa bado kijana. Juu yake mimi namweka Philip Waruinge: dhahabu za Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na 1970, shaba ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, fedha mwaka 1972, na zaidi ya hayo ile tuzo ya Val Barker ya mwaka 1968, aliyopewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa Olimpiki. Jopo la Mexico lilimpa sifa hiyo mtu wa shaba, likiwapita wenye dhahabu wote, na hapo ndipo ninapomkumbuka yule mzee wa mganda.

Lakini kama swali ni la ngumi za kulipwa, na mizani ni ile ya kuuliza alimshinda nani, basi jibu langu huwashangaza wenzangu wa Mbinga, kwa kuwa wengi hawajalisikia jina lenyewe: Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Katanga ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mgodini. Mwaka 1987 alimshinda Herol Graham kwao Uingereza, na mwezi Oktoba mwaka huo akampiga Iran Barkley kwa pointi na kutwaa ubingwa wa WBA wa uzito wa kati. Barkley huyo, kabla mwaka haujatimia, alimwangusha Thomas Hearns. Machi 1988 Kalambay akamshinda Mike McCallum, ambaye hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumshinda. Ni kweli kwamba mwaka 1989 Michael Nunn alimlaza kwa konde moja kabla raundi ya kwanza haijafika dakika ya 2, na wanaompinga hawachoki kulitaja konde hilo. Lakini aliinuka, akarudi ulingoni, na mwaka 1992 akamshinda Graham mara ya pili.

Pingamizi kubwa ninalolisikia si la Nunn. Husemwa kwamba Kalambay alipigana chini ya bendera ya Italia, akachukua uraia wake, na kwa hiyo si wetu wa kumhesabu. Neno hilo lina uzito kwingine, si hapa. Vizazi vya vijana wa Ungoni, Umatengo na mwambao wa Nyasa vilitoka kwenda kukata mkonge Tanga na kuchimba migodi ya kusini, wengine wakakaa huko miaka ishirini, wakaoa huko na kuzikwa huko, na hapana baraza ya Liuli au Mbinga iliyopata kusema kwamba hawa si watoto wa nyumbani kwa sababu walimtumikia mwajiri wa mbali. Basi na Kalambay sioni kwa nini tuwaachie Waitalia peke yao.