Mtufaha Uliokataa Kufa



Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell nchini Uingereza, binti aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tofaa. Mbegu moja ikawa mti. Binti akaolewa, akahama, na mwaka 1852 akafariki.

Nyumba ile ilikuwa imenunuliwa mwaka 1846 na muuza nyama, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, aliomba kukata vijiti vya mti ule. Bramley alikubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Hadi leo Bramley ndilo tofaa mashuhuri la kupikia huko Uingereza.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini hakuchukua mbegu tu? Kwa sababu mbegu ya tofaa hutokana na miti miwili, hivyo huzaa mti mpya wenye tunda lake. Anayetaka tunda lile lile hana budi kukata kijiti na kukibebesha juu ya shina la mtufaha mwingine, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Seville, Andalus, aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha kilimo.

Mti wenyewe ulianguka karibu na mwaka 1900, lakini tawi lililolala ardhini likatoa mizizi na kuinuka upya. Baadaye ukapatwa na kuvu anayeozesha mizizi, ugonjwa usio na dawa. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nottingham walikuza vipande vyake vidogo maabara hadi vikawa miche.

Ndugu zetu, mti mkongwe hauhifadhiwi kwa kuusifia, bali kwa kukata kijiti ungali hai. Basi mwembe wa babu uani usingoje shoka ndipo tuukumbuke. Na elimu ya wazee wetu tusiisubirishe mpaka siku ya mazishi.

Ama yule binti, jina lake halimo katika tunda. Tuwafundishe watoto wetu wapande hata kama sifa itakwenda kwa mwingine, kwani Allah hasahau kazi ya mja.

Wabillahi tawfiq.