Ndege 10,000 katika uwanja mmoja: Mikusanyiko ya marubani huendeshwa vipi?

Kwa wiki moja kila mwaka, mwishoni mwa Julai, mnara wa kuongozea ndege wenye shughuli nyingi kuliko yote duniani hauwi wa Atlanta, Dubai wala London. Huwa ni mnara wa Oshkosh, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Winnebago katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Takriban ndege 10,000 hutua hapo na katika viwanja vya jirani kwa ajili ya AirVenture, mkusanyiko wa marubani unaoambatana na maonesho ya angani kila alasiri. Mwaka 2025 waandaaji walihesabu wahudhuriaji wapatao 704,000.

Mkusanyiko wa aina hii si sawa na maonesho ya kawaida. Katika maonesho, mtazamaji hufika kwa gari au kwa miguu, akatazama marubani wachache mahiri, akarejea nyumbani. Katika mkusanyiko, mhudhuriaji mwenyewe ndiye rubani: huja na ndege yake, akaiegesha nyasini, akapiga hema chini ya bawa na kulala papo hapo. Nyingi ya ndege hizo zina viti viwili au vinne, na si haba zilizoundwa na wenyewe nyumbani. Hiyo ndiyo asili ya jambo lenyewe. EAA, chama cha watu wanaojiundia ndege, kiliasisiwa na Paul Poberezny mjini Milwaukee mwaka 1953, na mkusanyiko wa kwanza wa mwaka huo haukufikisha watu 150. Ulihamia Rockford, Illinois, mwaka 1959, kisha Oshkosh mwaka 1970.

Foleni ya angani

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni jinsi ndege nyingi kiasi hicho zinavyotua bila kugongana. Jibu lake litaeleweka upesi kwa mkazi wa Tororo au Malaba, kwa kuwa linahusu reli. Marubani huanza kujipanga juu ya mji wa Ripon, kusini-magharibi mwa Oshkosh, kisha hufuata njia ya reli hadi kijiji cha Fisk, mmoja nyuma ya mwingine, kwa umbali wa nusu maili kati yao. Kimo ni futi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwendo ni maili za baharini 90 kwa saa. Ndege ziendazo kasi zaidi hupewa kimo cha juu yake.

Huko Fisk waongoza ndege huwa wamesimama ardhini, darubini mkononi. Hawaulizi jina wala namba. Huitambua ndege kwa rangi na umbo lake, wakaiamuru itikise mabawa. Rubani hajibu kwa redio, bali hutikisa mabawa, na kwa ishara hiyo hujulikana kwamba amesikia. Kisha huelekezwa njia ya kurukia atakayotumia. Njia hizo zimechorwa madoa makubwa ya rangi, hivyo ndege moja huamriwa itue kwenye doa moja na inayofuata kwenye jingine, zote zikiwa juu ya lami ileile kwa wakati mmoja. Siku za kawaida jambo hilo lisingeruhusiwa. Huruhusiwa kwa idhini maalumu ya mamlaka ya anga ya Marekani, na kila rubani hutakiwa kuwa amesoma waraka wa maelekezo kabla ya kuondoka kwao.

Utaratibu huo hauondoi hatari yote. Tarehe 29 Julai 2023 watu 4 walifariki katika ajali 2 zilizotokea siku moja wakati wa mkusanyiko huo.

Kwa upande wa watazamaji, funzo kubwa lilitoka Ulaya. Agosti 1988, katika kambi ya Ramstein nchini Ujerumani Magharibi, ndege za kikosi cha maonesho cha Italia ziligongana na mojawapo ikaangukia umati. Waliokufa walikuwa 70. Julai 2002, karibu na mji wa Lviv, Ukraine, ndege ya kivita iliangukia watazamaji na kuua 77. Kwa sababu hiyo, nchi nyingi huwataka marubani wafanye michezo yao sambamba na umati, si kwa kuuelekea. Kamba inayozuia watu kuusogelea uwanja haikuwekwa kwa ajili ya viti vya wakubwa, na anayeiruka ili apige picha nzuri hajui anachokichezea.

Kutoka Lunyo hadi Nairobi

Afrika Mashariki haina mkusanyiko wa ukubwa wa Oshkosh, ingawa mapenzi ya urubani ni ya siku nyingi. Aero Club of East Africa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1927. Uganda ina chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na Tororo ina kiwanja kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tarehe 28 Mei 2022, Jeshi la Anga la Kenya lilionesha ndege zake mbele ya maelfu ya watu katika bustani ya Uhuru, Lang'ata.

Mkazi wa Lunyo anayetaka kuhudhuria maonesho kama hayo huvuka Busia kwa kitambulisho cha taifa, kwa makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2014, akapanda basi la usiku. Rubani hana wepesi huo. Kwa mstari ulionyooka, Tororo na Kisumu zimetengana kwa zaidi kidogo ya kilomita 100, mwendo wa chini ya saa moja kwa ndege ndogo. Lakini Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, pamoja na haki ya kudai kwamba ndege inayoingia au kutoka ipitie uwanja wenye forodha.

Uzito wa vibali ulidhihirika Novemba 2016, wakati msafara wa ndege kongwe zenye mabawa ya ghorofa mbili ulipokuwa njiani kutoka kisiwa cha Krete kwenda Cape Town. Huko Gambela, magharibi mwa Ethiopia, wasafiri walizuiwa kwa takriban siku mbili, wakidaiwa kuingia katika anga ya nchi hiyo bila idhini. Baada ya kuachiwa waliendelea hadi Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, na wakafika Cape Town mwezi Desemba.