Uhasibu wa ukodishaji

Uhasibu wa ukodishaji ni utaratibu wa kuingiza kwenye vitabu vya hesabu mkataba unaompa mpangaji haki ya kutumia mali ya mwingine, iwe jengo, gari, mtambo au ndege, kwa muda na malipo yaliyokubaliwa. Kiwango cha kimataifa kinachouongoza ni IFRS 16, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 mahali pa IAS 17. Ndicho kinachofundishwa katika vyuo vya Kenya na Tanzania, nchi ambazo zilikwisha kupokea viwango hivyo vya kimataifa.

Chini ya IAS 17, mikataba mingi ilibaki nje ya mizania. Shirika la ndege liliweza kurusha ndege za kukodi miaka nenda miaka rudi bila mizania yake kuonyesha ndege wala deni. Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu ilikadiria kuwa kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa zilikuwa na ahadi za ukodishaji za takribani dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 hazikuonekana kwenye mizania. Mwekezaji alikuwa akinyimwa habari anayoihitaji kuliko zote, na mageuzi haya yalichelewa mno.

Siku mali inapokabidhiwa, mpangaji huandika deni, yaani thamani ya sasa ya malipo ambayo bado hayajalipwa, na upande wa pili huandika mali iitwayo haki ya kutumia. Riba ya kupunguzia malipo ni ile iliyomo ndani ya mkataba. Isipojulikana, hutumika riba ambayo mpangaji angetozwa kama angekopa ili kununua mali ya namna hiyo. Mikataba isiyozidi miezi 12 na vitu vya thamani ndogo, kama kompyuta, vinaweza kuachwa nje.

Tuseme kampuni imepanga ghala kwa miaka 3, kodi ni shilingi 10,000,000 kila mwisho wa mwaka, na riba ni asilimia 10. Thamani ya sasa ni 24,868,520, na hilo ndilo deni la kuanzia. Mwaka wa kwanza riba ni 2,486,852. Katika kodi iliyolipwa, 7,513,148 zinazobaki hupunguza deni hadi 17,355,372. Haki ya kutumia huchakaa kwa 8,289,507 kila mwaka. Gharama yote ya mwaka wa kwanza inafika 10,776,359, lakini ya mwaka wa tatu ni 9,198,598 tu, ingawa fedha iliyotoka mfukoni haikubadilika. Jumla ya miaka mitatu ni 30,000,000 kamili, na mwanafunzi asiyeipata ajue kuna hatua ameiruka.

Wengi hukwama kwenye tarehe ya malipo kuliko kwenye hesabu yenyewe. Wenye majengo wengi wa Afrika Mashariki hudai kodi mapema. Ghala lilelile likilipiwa mwanzoni mwa kila mwaka, malipo ya kwanza si deni tena, kwa kuwa yamekwisha kutolewa. Deni linakuwa 17,355,372, na haki ya kutumia 27,355,372. Kuchora mstari wa muda na kuweka kila malipo mahali pake kabla ya kugusa kikokotoo huondoa kosa hili. Kodi inayotegemea mauzo ya mpangaji haiingii kwenye deni; inayofuata fahirisi ya bei huingia kwa kiwango cha fahirisi siku ya kuanza, bila kubashiri mfumuko wa bei.

Vitabu vya Marekani hufuata kanuni ya huko, ASC 842, iliyotolewa Februari 2016. Nayo inalipeleka deni kwenye mizania, lakini ukodishaji wa kawaida, usiofanana na ununuzi, hubebeshwa gharama sawa kila mwaka. Kwa ghala letu jibu la Marekani lingekuwa 10,000,000 kwa kila mwaka kati ya mitatu.