Moshi wa Ndege na Njia ya Arua

Dunia ya leo imeamka kupiga vita moshi wa ndege, na ni haki iamke. Usafiri wa anga hutoa kiasi cha asilimia 2.5 ya hewa yote ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Lakini kabla abiria wa Arua hajalaumiwa, yafaa historia ya safari yake ieleweke.

Kutoka Arua hadi Kampala ni mwendo wa kilomita zipatazo 500 kwa barabara. Mkazi wa Koboko, karibu na pale Uganda inapopakana na Kongo na Sudan Kusini, huanza kwa kusafiri kilomita zaidi ya 50 ili afike Arua kwenyewe. Wakoloni waliifanya Nile Magharibi kuwa ghala la vibarua na askari. Vijana walichukuliwa kwenda kusini kukata miwa, lakini njia za kulijenga eneo lao hazikushughulikiwa. Reli ya kutoka Tororo kupitia Gulu ilifika Pakwach, kwenye Mto Nile, mwaka 1964. Haikuendelea hadi Arua, sembuse Koboko.

Mwaka 1979 vita vilivyomwondoa Idi Amin viliwafanya wakazi wengi wa eneo hilo wakimbilie Zaire na Sudan. Katika miaka ya 1990 waasi waliyavizia magari kati ya Karuma na Pakwach, na treni nazo zikaacha kufika Pakwach. Ndipo ndege ikawa kimbilio. Shirika la Eagle Air, lililoanzishwa mwaka 1994, lilirusha ndege za rafadha aina ya Let L-410, zenye viti 19, kati ya Entebbe na Arua. Kwa aliyeweza kulipa nauli, hiyo haikuwa anasa, bali njia ya kusalimisha roho.

Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwamba mashirika ya ndege yalipie ongezeko la hewa ya ukaa. Uganda ilijiunga kwa hiari tangu mwaka 2021. Shirika la ndege la Uganda nalo, lililofufuliwa mwaka 2019, lilinunua ndege mbili za Airbus A330-800, ambazo watengenezaji wake wanasema hutumia mafuta pungufu kwa robo kwa kila kiti, zikilinganishwa na ndege za kizazi kilichotangulia.

Hatua hizo ni njema, lakini hazimfikii msafiri wa Arua. Mapatano yale yanahusu safari za kimataifa tu, na ndege zile kubwa ni za masafa marefu. Moshi wa safari ya Entebbe hadi Arua ni jukumu la Uganda yenyewe. Rafadha, ambayo katika masafa mafupi hula mafuta kidogo kuliko jeti, ni sehemu ya dawa. Sehemu kubwa iko ardhini. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa ili litengenezwe, magari yalilazimika kuzunguka mbali, na wananchi wakakumbushwa jinsi uzi unaowaunganisha na nchi yao ulivyo mwembamba.

Asiyepewa njia nyingine hawezi kuambiwa aiache ile moja aliyo nayo. Wanaotaka anga ya Nile Magharibi iwe safi hawana budi kuimarisha barabara, na kuimaliza safari ambayo reli iliikatiza Pakwach.