Sufuria Nzito na Mkate wa Nyumbani

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuingie jikoni. Wapo wanaodhani kuwa historia ni vita, mikataba na majengo tu, na kwamba jiko halina lake. La hasha. Hapa Kigoma mkate peke yake unatosha kutusimulia habari za misafara, reli na uchumi wa taifa.

Ngano si zao la ufuko huu. Sisi tumezoea ugali wa muhogo au wa mahindi, kwa dagaa na mawese. Katika karne ya 19, Ujiji ilipokuwa kituo kikubwa cha misafara, ngano ililimwa na Waarabu wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Habari hizo aliziandika Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, gunia la unga liliweza kutoka Dar es Salaam bila kubebwa kichwani na mpagazi.

Unga ulikuja, lakini tanuri halikuja katika kila nyumba. Kazi yake ikafanywa na sufuria nzito na ujuzi wa kupalia makaa. Donge lenye hamira likishaumuka, huwekwa katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Hiyo nayo huingizwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, ikafunikwa kwa bati au sinia. Makaa machache huwekwa chini, mengi juu. Mchanga huzuia kitako kisiungue, na moto wa juu huupa mkate rangi. Sufuria nyembamba haiwezi kazi hiyo: hupata moto upesi na kuunguza. Nene hupokea moto polepole na kuusambaza sawasawa.

Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, taifa letu lilijenga kiwanda cha mikate cha mitambo ya kisasa jijini Dar es Salaam. Mchumi Andrew Coulson alikikosoa kiwanda hicho: kiligharimu fedha nyingi na kuajiri watu wachache, ilhali viwanda vidogo vingeoka mikate ile ile. Kisha, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na viwanda vingi nchini vikakwama kwa kukosa vipuri. Unga nao uliadimika, na hapo hata sufuria ililala. Lakini siku unga ulipopatikana, sufuria haikusubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Simaanishi kuwa mitambo ni mibaya. Tazameni meli yetu ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza wakaipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Iliokolewa na grisi na mikono ya mafundi.

Hilo ndilo somo. Chombo hudumu kikiwa na matunzo, na kikiwa na fundi wa karibu awezaye kukitengeneza. Huku Bangwe nimeona sufuria iliyokatika mkono mmoja, nyeusi kama usiku, na bado inaoka. Leo tunanunua sufuria nyepesi zinazong'aa, ambazo hazimalizi mwaka, halafu tunalalamika kuwa maisha ni ghali.

Mkaa nao una gharama yake kwa misitu yetu, na atakayepata nishati nyingine na aitumie. Lakini sufuria nzito haichagui moto. Kabla hujaiuza ya mama kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kumbuka walivyonena wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.