Goti Lililokakamaa Baada ya Upasuaji: Tiba Yake na Hukumu ya Swala



Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa pikipiki hubeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Inapoanguka na mguu ukabanwa chini yake, goti linaweza kukatika kano kadhaa kwa mpigo mmoja. Kano, ambazo wengi huziita mishipa, ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina nne kubwa, mbili ndani zilizopishana na mbili pembeni. Zikikatika mbili au zaidi, goti huweza kuteguka kabisa. Hapo tazama unyayo kwanza. Ukiwa wa baridi, umebadilika rangi au hauna hisia, huenda mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti umeumia, na hilo halingoji kesho. Majeruhi apelekwe hospitali moja kwa moja, Nyakahanga kwa walio Karagwe au Isingiro kwa walio Kyerwa, bila kupitishwa kwa mkandaji.

Kutengeneza kano hizo ni kazi ya mabingwa wa mifupa, na mgonjwa huweza kupewa rufaa ya Bugando, Mwanza, au MOI, Dar es Salaam. Upasuaji ukifanikiwa, bado kuna kukakamaa. Mwili huponya jeraha kwa kovu, na kovu likinata ndani ya goti, pia ya goti hushindwa kuteleza. Kadiri kano zilizokatika zilivyo nyingi, na kadiri goti linavyokaa muda mrefu bila kusogezwa, hatari huongezeka. Msuli wa mbele wa paja nao husinyaa upesi.

Kosa kubwa la nyumbani hutokana na huruma. Ndugu humwekea mgonjwa mto chini ya goti, kwa kuwa likipinda kidogo maumivu hupungua. Goti huzoea kupinda hivyo, kisha hukataa kunyooka, na asiyeweza kulinyoosha huchechemea kila hatua. Taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya kisigino, goti libaki halina kitu chini yake. Kukunja kuna kipimo chake: mara nyingi daktari huweka mpaka wa nyuzi 90 kwa wiki za mwanzo, hasa kano ya ndani ya nyuma ikiwa imetengenezwa. Usiuvuke, lakini pia usikae chini yake ukinyamaza. Kukandwa kwa nguvu kunaweza kusababisha mfupa uote ndani ya nyama. Miezi miwili au mitatu ikipita na goti halijafika nyuzi 90, daktari anaweza kulikunja mgonjwa akiwa kwenye dawa ya usingizi, au kulikata kovu kupitia matundu madogo. Kwa hiyo kuruka miadi kwa sababu ya nauli ya Mwanza huja kugharimu zaidi ya nauli. Kabla ya kuruhusiwa, omba maelekezo ya mazoezi kwa maandishi uyapeleke hospitali ya karibu. Ratiba unayo tayari: fanya mazoezi baada ya kila swala ya faradhi.

Jambo jingine ambalo wengi hawamwelezi daktari: kutembea tambarare huhitaji goti likunjike takriban nyuzi 65, na kuinuka kitini 90 au zaidi kidogo. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo na kukaa tahiyyatu huhitaji zaidi ya 130. Goti linaloitwa limepona hospitalini huenda lisitoshe kibanjani wala msikitini. Mwambie mapema kwamba unaswali.

Ama hukumu, msingi ni hadithi ya 'Imraan bin Huswayn (radhiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Al-Bukhaariy, ambayo maana yake ni kuswali kwa kusimama, asiyeweza aketi, asiyeweza aswali kwa ubavu. Anayeweza kusimama hana ruhusa ya kuketi kitini tangu takbira kwa sababu tu goti halikunjiki. Asimame, arukuu, kisha aketi kitini na kuashiria sijda, akiinama zaidi kuliko alivyorukuu. Akiketi chini, hapana ubaya kunyoosha mguu. Kulilazimisha goti jipya likunjike kwa ajili ya tahiyyatu si uchamungu, ikiwa daktari mwaminifu amekataza, hata kama si Muislamu, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama zetu. Goti likirudi, udhuru umeondoka na sijda inarudi ardhini.

Wengine huacha udhu kwa sababu ya bandeji. Goti si kiungo cha udhu. Miguu huoshwa hadi vifundoni. Bandeji ya goti huingia kwenye josho la janaba: huoshwa mwili uliobaki na hupanguswa juu ya bandeji, na kwa madhehebu ya Shaafi'iy huongezwa tayammum. Hogo lililofika hadi unyayoni ndilo hupanguswa hata kwenye udhu.

Wallaahu a'lam.