Kadi Nyekundu Ilikotoka

Wengi wetu tuliocheza mpira shuleni tunadhani kadi nyekundu ilizaliwa pamoja na mchezo wenyewe. Sivyo.

Tarehe 23 Julai 1966, katika robo fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nje Antonio Rattín, nahodha wa Argentina. Refa hakujua Kihispania, wala Rattín hakujua Kijerumani. Basi nahodha akagoma kutoka, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa.

Mwingereza Ken Aston, msimamizi wa marefa, alikuwa akirudi nyumbani kwa gari alipozitazama taa za barabarani: njano, jihadhari, nyekundu, simama. Akapata jawabu. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1970, na mwaka 1974 Carlos Caszely wa Chile akawa wa kwanza kuonyeshwa nyekundu katika mashindano hayo. Makocha nao waliingizwa katika sheria hiyo mwaka 2019.

Vijana mliopo shuleni, zingatieni: kadi haikuletwa kumwaibisha mchezaji, bali kumpa haki ya kuielewa hukumu yake. Hukumu isiyoeleweka huzaa ugomvi, hata kama ni ya haki.